Eleanor Anne Ormerod

Eleanor Anne Ormerod (11 Mei 1828 – 19 Julai 1901) alikuwa mtaalamu wa wadudu kutoka Uingereza. Anahesabiwa kati ya waanzilishi wa elimu ya wadudu waharibifu wa mazao nchini humo. Kuanzia mwaka 1877 alitoa ripoti ya kila mwaka kuhusu wadudu wanaoshambulia mboga, nafaka, matunda na mifugo. Ripoti hizo zilifikia 24, na gharama za kazi hiyo alizibeba mwenyewe. Hakuwahi kusoma shuleni wala chuo kikuu, na hakupokea mshahara kwa kazi yake.

Ormerod alisisitiza kwamba mkulima hawezi kumshinda mdudu asiyejua maisha yake. Kwanza ajue mdudu hutaga wapi, lava wake hula nini, hugeuka bundo mahali gani na hujificha wapi wakati wa baridi. Katika hatua hizo huwepo moja ambapo mdudu ni dhaifu, na hapo ndipo kazi ya kumzuia huwa rahisi na ya gharama ndogo. Njia hiyo inatumika hadi leo, ingawa baadhi ya dawa alizozipendekeza zimeachwa kwa sababu ya sumu yake.

Familia na utoto

Eleanor alizaliwa katika nyumba ya Sedbury Park, mkoa wa Gloucestershire, kwenye shamba kubwa lililo kati ya mito Severn na Wye, karibu na mji wa Chepstow. Alikuwa mtoto wa kumi na wa mwisho wa George Ormerod na mkewe Sarah Latham. Baba yake alikuwa mwenye ardhi na mwanahistoria aliyejulikana kwa kitabu chake kikubwa kuhusu historia ya mkoa wa Cheshire.

Kama ilivyokuwa desturi katika familia za aina hiyo, wavulana walipelekwa shuleni na wasichana walibaki nyumbani. Eleanor alifundishwa na mama yake, ambaye pia alikuwa hodari wa kuchora maua. Kaka yake mmoja, Edward Latham Ormerod, alikuwa daktari na aliandika kitabu kuhusu nyigu wa Uingereza wanaoishi kwa makundi. Dada yake Georgiana alikuwa mchoraji, na ndiye aliyekuwa mwenzake wa karibu kwa sehemu kubwa ya maisha yake.

Shamba la Sedbury lilikuwa darasa lake. Humo aliona kilimo, bustani, misitu na mifugo mwaka mzima. Alifahamiana na vibarua na watunza bustani, akajifunza kwao namna ya kutazama mimea. Baadaye maarifa hayo yalimsaidia kuandika kwa lugha ambayo watu wa mashambani waliielewa.

Kujifunza elimu ya wadudu

Ormerod alianza kusoma habari za wadudu kwa bidii mwaka 1852, alipokuwa na umri wa miaka 24 hivi. Alinunua kitabu cha James Francis Stephens kuhusu mbawakawa wa Uingereza. Kitabu hicho kilikuwa kigumu kwa mtu asiye na mwalimu. Ormerod alichukua mbawakawa mmoja mmoja, akamfungua sehemu kwa sehemu na kulinganisha alichokiona na maelezo ya kitabuni, mpaka akaweza kutambua spishi mwenyewe.

Kwa miaka mingi elimu hiyo ilibaki jambo la nyumbani. Binti asiyeolewa aliishi chini ya mamlaka ya baba yake, na Ormerod hakuwa na nafasi ya kujitokeza hadharani kama mwanasayansi. Mwaka 1868 chama cha kifalme cha kilimo cha bustani kilianza kukusanya wadudu wenye faida na wenye madhara kwa mimea. Ormerod aliwaomba vibarua wa shamba wamletee wadudu pamoja na majani, mizizi na matawi yaliyoharibiwa, kisha akavituma vitu hivyo London. Kwa mchango huo alipewa medali ya fedha mwaka 1870. Mwaka 1872 alipata medali nyingine kutoka maonyesho makubwa ya Moscow, Urusi, kwa mifano ya viumbe aliyoitengeneza kwa mkono.

Baba yake alifariki mwaka 1873. Wakati huo Eleanor alikuwa na umri wa miaka 45, na kwa mara ya kwanza alikuwa na fedha zake na uhuru wa kupanga maisha yake. Yeye na Georgiana walihamia Torquay, kisha Isleworth karibu na bustani ya mimea ya Kew, na mwaka 1887 wakahamia mji wa St Albans.

Hali ya hewa na nyakati za wadudu

Ormerod alipenda pia elimu ya hali ya hewa. Mwaka 1878 alikuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mwanachama wa chama cha kifalme cha hali ya hewa cha Uingereza. Mwaka 1880 alichapisha muhtasari wa kumbukumbu ambazo mwanamke mwingine, Caroline Molesworth, alikuwa ameziandika huko Cobham kuanzia mwaka 1825 hadi 1850. Kumbukumbu hizo zilionyesha joto na mvua, na pia siku ambazo mimea ilichanua na wanyama walionekana.

Kazi hiyo ilihusiana moja kwa moja na wadudu. Mdudu hana joto lake mwenyewe la kudumu, hivyo kasi ya kukua kwake hufuata joto la mahali alipo. Katika majira yenye joto mayai huanguliwa mapema na vizazi hufuatana haraka. Katika baridi mambo hayo huchelewa. Ukame nao hupunguza nguvu ya mche, na mche unaokua polepole hukaa muda mrefu zaidi ukiwa laini na rahisi kuliwa.

Ripoti za kila mwaka

Mwaka 1877 Ormerod alichapisha kijitabu kifupi kilichowaomba wakulima, watunza bustani na wapenzi wa wadudu wamwandikie walichokiona. Aliwataka waeleze ni mdudu gani, alishambulia zao gani, katika hali gani ya hewa, na ni njia gani ya kumzuia iliyofaulu au iliyoshindwa. Ulikuwa wakati unaofaa. Mwaka huohuo Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuzuia mbawakawa wa viazi kutoka Marekani asiingie nchini.

Barua zilifika kutoka sehemu nyingi za nchi. Mara nyingi ziliambatana na vifurushi vya majani yaliyotobolewa, mizizi iliyooza au viwavi walio hai. Ormerod alimtambua mdudu, akamjibu mwandishi na kumpa ushauri. Pale asipokuwa na hakika alimfuga mdudu mpaka akomae, au aliwauliza wataalamu wa nchi nyingine. Mwisho wa mwaka alipanga habari zote kwa zao na kwa mdudu, akazichapisha pamoja na picha.

Ripoti hizi zilikuwa na faida mbili. Kwanza, mkulima alisoma uzoefu wa wakulima wenzake. Pili, kwa kulinganisha barua za mikoa mbalimbali iliwezekana kuona mlipuko wa wadudu ulianzia wapi na ulienea vipi. Ripoti ya mwisho ilihusu mwaka 1900.

Mwaka 1881 Ormerod alitoa kitabu cha mwongozo kuhusu wadudu waharibifu na njia za kuwazuia, na toleo la pili lilifuata mwaka 1890. Mwaka 1889 alichapisha pia kitabu kuhusu baadhi ya wadudu wa mashamba na bustani za matunda wa Afrika Kusini, akitumia vielelezo alivyotumiwa kutoka huko.

Mbawakawa wa tanipu

Mwaka 1881 mashamba ya tanipu yalishambuliwa vibaya na Ormerod akaandika ripoti maalumu. Tanipu ni mboga ya mizizi ya jamii ya kabichi. Katika Uingereza ya wakati ule ilikuwa pia chakula kikuu cha kondoo na ng'ombe wakati wa baridi, kwa hiyo mkulima aliyepoteza tanipu alikuwa hatarini kukosa malisho ya mifugo yake.

Wakulima walimwita mharibifu huyo nzi wa tanipu, lakini yeye si nzi. Ni mbawakawa mdogo wa jenasi Phyllotreta. Spishi iliyojulikana zaidi, Phyllotreta nemorum, ina urefu wa milimita 3 hivi, rangi nyeusi na mstari wa njano kwenye kila bawa gumu. Miguu yake ya nyuma ina mapaja manene, na akiguswa huruka kama kiroboto.

Mbawakawa huyu hupitisha baridi akiwa mpevu, amejificha chini ya majani makavu, kwenye nyasi au kando ya nyua za miti. Siku za joto zikianza hutoka na njaa. Kama tanipu bado hazijaota, hula magugu ya jamii hiyohiyo, kama haradali-mwitu. Tanipu zikichomoza huhamia huko na kutoboa yale majani mawili ya kwanza yanayotoka kwenye mbegu. Katika siku chache za jua kali shamba zima linaweza kutoweka. Baadaye jike hutaga mayai ardhini karibu na mimea. Lava wa spishi hii huingia ndani ya jani na kuchimba vijia kati ya ngozi zake mbili. Akishiba hushuka ardhini na kugeuka bundo, kisha mbawakawa mpya hutokea majira ya joto.

Hatari kubwa kwa tanipu ni kipindi kifupi, kuanzia mche unapochomoza mpaka unapopata majani yake ya kweli. Mche ukivuka kipindi hicho huweza kustahimili matundu mengi. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya ushauri wa Ormerod ilihusu kilimo chenyewe. Alishauri wakulima wang'oe haradali-mwitu ili mbawakawa wasipate chakula cha kungojea, walainishe udongo na kuhifadhi unyevu wake, na waweke mbolea ili mche ukue haraka. Mashambulizi yakianza, masizi au chokaa viliweza kunyunyizwa asubuhi wakati majani yana umande, ili unga ushike.

Wadudu wengine wa mboga

Katika maandishi yake Ormerod alieleza wadudu wengi wa mboga kwa mpango huohuo: umbo la mdudu, maisha yake, kisha njia za kumzuia. Mifano michache inaonyesha kwa nini dawa moja haikuweza kufaa kwa wote.

Nzi wa vitunguu hutaga mayai kwenye shingo ya kitunguu au udongoni karibu nayo. Mabuu huingia ndani ya tunguu na kulila mpaka linaoza, kisha hugeuka bundo ardhini. Kunyunyiza majani hakuwafikii mabuu walio ndani. Kilichosaidia ni kuhamisha zao mahali pengine mwaka unaofuata na kung'oa mimea iliyonyauka pamoja na mabuu yake, bila kuacha mabaki shambani.

Minyoo-waya si minyoo bali ni lava wa aina fulani za mbawakawa. Ni wembamba, wagumu na wenye rangi ya njano. Huishi udongoni kwa miaka kadhaa wakila mizizi na viazi. Huwa wengi katika ardhi iliyokuwa nyasi kwa muda mrefu, hivyo mkulima anayelima malisho ya zamani na kupanda mazao papo hapo huwa amewaandalia chakula.

Vipepeo weupe wa kabichi hutaga mayai juu ya majani, na viwavi wao hula hadharani, kwa hiyo ni rahisi kuwaokota kwa mkono. Hata hivyo, viwavi wengi hufa kwa sababu ya nyigu mdogo anayetaga mayai ndani ya miili yao. Lava wa nyigu humla kiwavi kutoka ndani, kisha hutoka na kusuka vifukofuko vidogo vya njano kando yake. Watunza bustani wasiojua walidhani vifukofuko hivyo ni mayai ya kipepeo na waliviponda, na kwa kufanya hivyo waliwaua wasaidizi wao.

Mlipuko wa nondo mgongo-almasi

Mwaka 1891 mashamba ya tanipu na kabichi ya upande wa mashariki wa Uingereza na Uskoti yalivamiwa na viwavi wa nondo mgongo-almasi (Plutella xylostella). Barua zilimfikia Ormerod kutoka kusini hadi kaskazini mwa pwani hiyo. Kwa kuziweka pamoja aliona kwamba mashambulizi yalikuwa mengi upande wa bahari ya mashariki. Leo inajulikana kwamba nondo hawa husafiri mbali wakibebwa na upepo, na kwamba wengi wa wanaoonekana Uingereza hutoka ng'ambo ya bahari.

Nondo huyu ni mdogo na mwembamba, mwenye rangi ya kijivu na kahawia. Akikunja mabawa, alama nyeupe za kingo zake hukutana mgongoni na kufanya maumbo kama almasi, na hapo ndipo jina lake lilipotoka. Hufanya kazi zaidi jioni na usiku. Mchana hutulia kwenye mimea, na mtu akipita shambani huruka kidogo na kutua tena karibu.

Jike hutaga mayai madogo ya njano kwenye majani, moja moja au machache pamoja, mara nyingi karibu na mishipa ya jani. Kiwavi akianguliwa huingia kwanza ndani ya jani. Baada ya kujichubua mara ya kwanza hutoka na kula upande wa chini, akiacha ngozi nyembamba ya juu. Sehemu hiyo hung'aa kama dirisha dogo. Baadaye ngozi hiyo hupasuka na jani hubaki na matundu. Kiwavi hupitia hatua nne na kufikia urefu wa sentimita 1 hivi. Mwili wake ni wa kijani na umechongoka pande zote mbili. Akisumbuliwa hujipinda kwa nguvu, hurudi nyuma na kuning'inia kwa uzi wa hariri, kisha hupanda tena hatari ikipita. Mwishoni husuka kifukofuko chepesi kama wavu juu ya jani na kuwa bundo ndani yake.

Katika hali ya joto mzunguko wote huchukua takriban wiki mbili hadi tatu. Katika baridi huenda polepole zaidi. Kwa kuwa vizazi hufuatana upesi, mkulima huweza kukuta mayai, viwavi, mabundo na nondo kwenye mmea mmoja. Dawa inayoua hatua moja huacha nyingine zikiendelea. Zaidi ya hayo, viwavi hukaa chini ya majani, mahali ambapo unga au maji yanayomwagwa kutoka juu hayafiki vizuri.

Ormerod aliandika ripoti maalumu juu ya mlipuko huu. Alikusanya majaribio ya wakulima: kunyunyiza masizi na chokaa, kuburuta matawi juu ya mimea ili kuwaangusha viwavi, na kuweka mbolea ili mimea ipate nguvu ya kuchipua tena. Alitilia maanani pia mvua, kwa sababu viwavi huangushwa nayo na tanipu hupata nafuu, na maadui wa asili, hasa nyigu vidusia wanaowashambulia viwavi hao.

Mshauri wa chama cha kilimo

Mwaka 1882 chama cha kifalme cha kilimo cha Uingereza kilimteua Ormerod kuwa mshauri wake wa mambo ya wadudu. Alishika nafasi hiyo hadi mwaka 1892, bila malipo. Katika miaka ileile alitoa mihadhara katika chuo cha kilimo cha Cirencester, jambo lisilo la kawaida kwa mwanamke wa wakati huo. Mihadhara mingine aliyoitoa London ilikuwa msingi wa kitabu chake cha mwaka 1884 kuhusu maisha ya wadudu. Dada yake Georgiana alichora picha kubwa za wadudu zilizotumiwa kufundishia.

Mwaka 1886 ilipothibitishwa kwamba nzi mharibifu wa ngano na shayiri kutoka nje ameingia Uingereza, Ormerod alikuwa kati ya watu wa kwanza kushauriwa. Alijishughulisha pia kwa miaka mingi na nzi wa ng'ombe ambaye mabuu yake hukua chini ya ngozi ya mgongo. Mabuu hao hutoboa ngozi na kuwapa hasara wafugaji na wauza ngozi. Aliwafundisha wafugaji kuwaua mabuu kabla hawajatoka, ili nzi wa mwaka ujao wapungue.

Kijani cha Paris

Jambo ambalo Ormerod alilihesabu kuwa mafanikio yake makubwa lilikuwa kuingiza nchini matumizi ya kijani cha Paris. Ni unga wa shaba na arseniki uliokuwa ukitumiwa Marekani dhidi ya mbawakawa wa viazi. Ormerod aliupendekeza kwa bustani za matunda zilizokuwa zikipoteza majani yote kwa sababu ya viwavi. Wakulima wengi waliogopa, wengine kwa hofu ya kuunguza miti, wengine kwa hofu ya sumu yenyewe. Baada ya majaribio mchanganyiko mwepesi ulianza kukubalika.

Hofu yao haikuwa bure. Arseniki ni sumu kali kwa binadamu na wanyama, na haiozi udongoni. Katika karne ya 20 dawa za aina hiyo ziliachwa. Ormerod mwenyewe alitoa maelekezo ya tahadhari kuhusu kipimo, upepo na mifugo inayolisha chini ya miti, lakini katika wakati wake madhara ya muda mrefu hayakueleweka kama yanavyoeleweka sasa.

Mabishano kuhusu shomoro

Ormerod aliamini kwamba shomoro wa majumbani anakula nafaka nyingi kuliko wadudu, na kwamba anawafukuza ndege wengine wanaokula wadudu kwa wingi. Aliandika na kusambaza vijitabu vilivyohimiza shomoro wapunguzwe. Katika suala hili alishirikiana na William Bernhard Tegetmeier, mtaalamu wa ndege.

Msimamo huo ulimletea upinzani mkali. Watetezi wa ndege walisema kwamba shomoro huwalisha makinda yao wadudu, na walimlaumu kwa kuwafundisha watu ukatili. Wengine waliona ajabu kwamba mwanamke ndiye anayehimiza kuua ndege. Ormerod hakubadili maoni yake. Suala hilo linaonyesha ugumu wa kazi yake: kiumbe kimoja huweza kuwa na faida katika msimu mmoja na hasara katika msimu mwingine, na hesabu ya mkulima si lazima ilingane na ya mpenzi wa ndege.

Miaka ya mwisho na heshima

Georgiana alifariki mwaka 1896. Ormerod aliendelea na ripoti peke yake huko St Albans, ingawa afya yake ilidhoofika. Katika miaka ya 1890 alikuwa pia mtahini wa somo la wadudu wa kilimo katika Chuo Kikuu cha Edinburgh.

Tarehe 14 Aprili 1900 chuo kikuu hicho kilimtunuku shahada ya heshima ya udaktari wa sheria. Alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa heshima hiyo na chuo hicho. Wakati huo alikuwa karibu kufikisha miaka 72.

Ormerod alifariki St Albans tarehe 19 Julai 1901 kwa kansa ya ini. Hakuwahi kuolewa. Mwaka 1904 Robert Wallace, profesa wa kilimo wa Edinburgh, alichapisha kitabu chenye masimulizi ya maisha yake na sehemu ya barua zake. Mwaka 1924 mwandishi Virginia Woolf alichapisha insha juu yake, iliyochanganya habari za kweli na ubunifu.

Urithi

Baada ya Ormerod, kazi aliyoifanya kutoka nyumbani kwake ilichukuliwa na wizara, vyuo na vituo vya utafiti. Taarifa za wakulima bado ni chanzo muhimu cha kugundua mapema wadudu wapya, na kupishanisha mazao, kuondoa magugu na kulinda maadui wa asili ni sehemu ya udhibiti wa wadudu wa kisasa.

Nondo mgongo-almasi ameonyesha jambo hilo kuliko wadudu wengi. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia wakulima walitegemea dawa mpya za viwandani. Lakini tayari katika miaka ya 1950, kisiwani Java, nondo huyu alionekana kuwa sugu kwa DDT, na baadaye alipata usugu kwa dawa nyingine nyingi. Kwa sababu vizazi vyake hufuatana upesi, wachache wanaonusurika dawa huzaa wengi wanaofanana nao katika muda mfupi.

Katika Afrika ya Mashariki nondo huyu ni mharibifu mkubwa wa kabichi na sukuma wiki. Hakuna baridi kali ya kumkomesha, hivyo huzaliana mwaka mzima mahali penye mimea ya jamii hiyo. Mwaka 2002 kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, chenye makao yake Nairobi, kilianza kuachilia nchini Kenya nyigu kidusia Diadegma semiclausum aliyeletwa kutoka Taiwan. Nyigu huyu hutaga mayai ndani ya viwavi wa nondo. Alijistawisha katika maeneo ya nyanda za juu na kupunguza idadi ya nondo. Mkulima anayenyunyiza sumu mara kwa mara huweza kumuua nyigu huyo pamoja na viwavi, kwa hiyo faida yake huonekana zaidi pale ambapo dawa hutumiwa kwa uangalifu.